Jiji lishindane na jana yake

Kila mwaka ikifika Machi, orodha ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Delhi haikosi, Lahore haikosi, Dhaka haikosi, na siku hizi N'Djamena nayo hutajwa. Watu wa Dar es Salaam hushusha pumzi wakiona jiji lao halipo juu, wa Kampala hulalamika, wa Nairobi hubishana kuhusu nafasi waliyopewa. Baada ya siku mbili tatu mjadala umekufa, tunasubiri orodha nyingine.

Mjadala huo tunauanzia pasipostahili. Mkazi wa Buguruni, Dar es Salaam, au wa Korogocho, Nairobi, hafaidiki chochote kwa kuambiwa kwamba jiji lake ni la 40 au la 400. Swali lenye manufaa kwake ni jingine: hewa ya hapa mwaka huu ikoje ukiilinganisha na ya mwaka jana, na ya miaka kumi iliyopita, na ni nini kilichoibadilisha? London inaweza kulijibu swali hilo. Beijing inaweza. Miji yetu mingi ya Afrika Mashariki haiwezi, na hilo linaniuma kuliko nafasi yoyote kwenye orodha yoyote.

Kinachopimwa zaidi ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele wa kichwani una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe hizi hazionekani kwa macho, ila zikiwa nyingi tunaona ukungu wake. Zinatoka kwenye dizeli, mkaa, kuni, taka zinazochomwa na viwanda, na nyingine hujitengeneza hukohuko angani gesi zinapokutana. Udogo wake ndio hatari yenyewe. Zinapita puani na kooni bila kunaswa, zinafika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi. Yanafika kwenye moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishusha kiwango linachokipendekeza kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Kwa mujibu wa shirika hilo, asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa isiyotimiza viwango vyake. Karibu wote tumo humo, tunachotofautiana ni kiasi.

Na hapo kwenye kiasi ndipo orodha zinapoanza kutuchanganya, kwa sababu simu zetu hazituonyeshi mikrogramu. Zinatuonyesha fahirisi, ile namba yenye rangi. Tuchukue hewa moja, yenye mikrogramu 50 za PM2.5 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Ukiipitisha kwenye fahirisi ya Marekani unapata 137, rangi ya chungwa, na onyo kwamba watoto, wazee na wenye pumu wajihadhari. Hewa hiyohiyo kwenye fahirisi ya India ni 83, kijani hafifu, maelezo yake "ya kuridhisha". Kwenye fahirisi ya China ni 69, na inahesabiwa kuwa nzuri. Hakuna aliyedanganya. Kila nchi imejiwekea mipaka yake, na mipaka hiyo hubadilika: Mei 2024 Marekani ilishusha ukomo wa rangi ya kijani kutoka mikrogramu 12 hadi 9, kwa hiyo hewa yenye mikrogramu 10 iliyokuwa "nzuri" mwezi mmoja ikawa "ya wastani" mwezi uliofuata bila chembe hata moja kuongezeka. Anayetaka kulinganisha miji, au kulinganisha miaka, aulize mikrogramu. Rangi azitumie kuamua kama mtoto acheze nje jioni hiyo.

Suala zito zaidi ni mahali kifaa kilipofungwa. Simama saa moja asubuhi pale Buguruni, Barabara ya Mandela inapobeba malori yanayotoka na kwenda bandarini. Daladala zimesimama injini zikinguruma, konda anaita abiria, bodaboda zinapenya katikati ya foleni. Pembeni mama lishe ndio kwanza anawasha jiko. Mkaa unapoanza kushika hutoa moshi mwingi kuliko ukishakolea ukawa mwekundu, na ni wakati huohuo anapouinamia akiupepea kwa kipande cha boksi, mtoto akiwa mgongoni. Kifaa kikifungwa kwenye nguzo iliyo juu ya jiko lile kitasoma namba moja. Kikifungwa mita 200 ndani ya mtaa kitasoma nyingine, kwa kuwa uchafu wa barabara kubwa hupungua haraka ndani ya mita mia mbili tatu za kwanza. Kikifungwa Masaki, kwenye ghorofa linalopigwa na upepo wa bahari mchana kutwa, kitasoma ya tatu. Zote tatu zitaitwa hewa ya Dar es Salaam. Jiji lenye vifaa viwili likiwekwa kwenye orodha moja na jiji lenye vifaa 60, kinacholinganishwa kwa kweli ni uamuzi wa watu waliochagua nguzo.

Vifaa vyenyewe navyo vina tabia zake. Vile vidogo vya bei nafuu humulika mwanga wa leza kwenye hewa na kuhesabu jinsi chembe zinavyoutawanya. Chembe zikinyonya unyevu huvimba, na kifaa husoma zaidi ya kilichopo. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga au Unguja hili si jambo dogo. Dawa yake inajulikana: kifaa kidogo kinawekwa kwa muda ubavuni mwa mtambo wa kiwango cha juu, usomaji wake unasahihishwa, ndipo kinapelekwa mtaani. Anayeruka hatua hiyo anapata namba, ila hajapima.

Tofauti kati ya miji yetu zipo, na zina sababu zinazoeleweka. Dar es Salaam inasaidiwa na bahari. Kusi ikivuma kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kaskazi ikishika zamu yake kuanzia Desemba hadi Machi, moshi mwingi husukumwa nje ya jiji. Wakati wa maleleji upepo unapolegea, jiji linabaki na moshi wake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Ardhi inapopoa usiku, hewa iliyoigusa hupoa pia na kuwa nzito, na juu yake hubaki tabaka la hewa yenye joto zaidi. Hewa ya chini haiwezi kupanda, kwa hiyo moshi wa majiko ya jioni na wa magari ya alfajiri unarundikana humo hadi jua lipate nguvu ya kulivunja tabaka hilo. Ndiyo sababu magari yaleyale yanayopita saa moja asubuhi huacha hewa chafu kuliko yakipita saa nane mchana. Mzazi anayempeleka mtoto shule kwa miguu kando ya barabara anampitisha kwenye saa mbaya kuliko zote za mchana.

Kampala imejengwa juu ya vilima na mabonde, na moshi hukaa mabondeni. Nakasero na Kololo ziko juu. Bwaise na Katwe ziko chini, na huko chini ndiko kodi ya nyumba ilipo nafuu. Mwinuko wa ardhi na kipato cha mtu vimekutana, na wastani wa jiji zima hauonyeshi hilo.

Kigali inanifikirisha zaidi. Barabara zake zinafagiliwa kila siku, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, na mgeni akishuka pale huona jiji safi. Hata hivyo chembechembe katika hewa yake ni mara kadhaa zaidi ya kiwango cha WHO. Sehemu ya uchafu huo ni magari na majiko ya palepale, lakini vipimo vilivyofanywa kwenye kituo cha Rwanda kilichopo mlima Mugogo vimeonyesha kwamba katika misimu ya kiangazi moshi mwingi unasafiri kutoka mbali, kwenye mashamba na nyika zinazochomwa moto katika ukanda mzima. Mvua zikianza, hewa husafishika. Mtu akipima Kigali mwezi wa Julai peke yake, kisha akapima mwezi wa Aprili peke yake, ataondoka na majiji mawili tofauti.

Yote hayo ni sababu ya kutolinganisha miji kwa pupa. Lakini jiografia isigeuzwe kisingizio, kwa kuwa kuna miji iliyobadilisha hewa yake bila kuhamisha mlima wala mto.

Desemba 1952 London ilifunikwa na ukungu wa moshi wa makaa ya mawe kwa siku tano. Hesabu za kwanza zilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Uchambuzi wa baadaye umefikisha idadi hiyo hadi 12,000. Tuliyajua hayo kwa sababu kulikuwa na watu wanaopima moshi na watu wanaosajili vifo, na mistari miwili ya takwimu ilipowekwa pamoja ilipanda na kushuka pamoja. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956. Moshi wa makaa ulipungua, kisha magari yakaleta uchafu wa aina nyingine, na London ikarudi tena kwenye sheria: mwaka 2019 magari yanayotoa moshi mwingi yalianza kutozwa ada katikati ya jiji, eneo likapanuliwa mwaka 2021, na Agosti 2023 likafika London nzima. Wakazi wengi waliipinga ada hiyo kwa hasira, lakini ubishi wao ulikuwa na takwimu za kushikia, kwa kila upande.

Beijing ni somo kubwa zaidi, maana limetokea mbele ya macho yetu. Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani uliweka kifaa kwenye paa lake na kuanza kutangaza usomaji wa kila saa. Maofisa wa China hawakufurahi. Mwaka 2012 naibu waziri wa mazingira alitamka hadharani kwamba balozi za kigeni ziache kutangaza takwimu hizo. Lakini wakazi walikuwa wameshaziona, na walikuwa wakizilinganisha na taarifa za serikali zilizosema hewa si mbaya. Shinikizo likawa kubwa, na mwaka huohuo Beijing ikaanza kutangaza PM2.5 yake yenyewe. Januari 2013 jiji lilizama kwenye moshi. Kifaa cha ubalozi kilisoma mikrogramu 886 katika saa moja. Septemba mwaka ule serikali ilitangaza mpango wa kitaifa, na Beijing ikapewa lengo lenye namba na tarehe: wastani wa mikrogramu 60 ifikapo 2017.

Wastani wa 2013 ulikuwa 89.5. Wa 2017 ulikuwa 58. Wa 2021 ulikuwa 33. Katikati ya namba hizo kuna mtambo mkubwa wa mwisho wa kufua umeme kwa makaa ya mawe uliozimwa jijini mwaka 2017, viwanda vilivyofungwa au kuhamishwa, na mamilioni ya kaya za kaskazini mwa China zilizobadilishiwa mfumo wa kupasha joto nyumba kutoka makaa hadi gesi au umeme. Kuna maumivu pia. Majira ya baridi ya 2017 gesi haikutosha, na kaya zilizokwisha kung'olewa majiko ya makaa zilikaa kwenye baridi kali. Katika wilaya moja ya jimbo la Hebei wanafunzi walisomea nje juani kwa sababu madarasa hayakuwa na joto. Sisemi tuige kila kitu. Nasema mtu yeyote leo anaweza kuuliza kama mpango ule ulifanya kazi, ulimgharimu nani na ulipungukiwa wapi, na akapata jibu. Hata mikrogramu 33 bado ni zaidi ya mara sita ya kiwango cha WHO, na hilo nalo tunalijua kwa sababu limepimwa.

Kupima peke yake hakuponyi mtu, na Delhi ni ushahidi. Jiji hilo lina vituo vingi vya kupimia, lina mahakama iliyoamuru mwaka 1998 mabasi yahamie kwenye gesi asilia, na ndani ya miaka michache yakahamia. Nafuu iliyopatikana ilimezwa na wingi wa magari mapya. Kila Novemba moshi wa mabua ya mpunga yanayochomwa Punjab na Haryana huingia jijini, upepo ukiwa umelala na tabaka la joto limefunika, na meya wa Delhi hana mamlaka juu ya kiberiti cha mkulima wa jimbo jingine. Mexico City nayo ilizuia mwaka 1989 kila gari kutembea siku moja ya wiki; uchambuzi wa takwimu za hewa uliofanywa baadaye haukuona nafuu, maana watu walinunua gari la pili. Sera ilikuwa imeshindwa, na vipimo ndivyo vilivyosema hivyo. Bila vipimo ingeendelea kusifiwa kwenye hotuba.

Sasa turudi kwetu, ambako mambo makubwa yamefanyika na karibu yote hayana kipimo cha kabla na baada.

Petroli yenye madini ya risasi iliondoka sokoni Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Januari 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilihamia kwa pamoja kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo nchi tano zilikubaliana na kuitekeleza siku moja, na sijui ni wasomaji wangapi wamewahi kuisikia. Mei 2016 mwendokasi, yaani mabasi makubwa yenye njia yake peke yake, ulianza Dar es Salaam kati ya Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, na daladala zikaondolewa kwenye njia hiyo. Hewa ya Magomeni ilibadilikaje mwezi wa Juni 2016 ukilinganisha na Juni 2015? Zipo tafiti za vyuo vikuu za wiki au miezi kadhaa, na nazishukuru. Mfululizo wa saa kwa saa wa vituo vya kudumu, unaovuka tarehe ile kabla na baada, haukuwepo. Nafasi ya kujua imekwenda na haitarudi, kwa sababu hewa ya 2015 huwezi kuipima leo.

Kenya ilipata jaribio jingine bila kulikusudia. Mwaka 2016 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia. Julai 2021 kodi ikarudi kwa asilimia 16, Julai 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, Julai 2023 ikaondolewa tena. Mtungi unapopanda bei, mama wa Mathare anarudi kwenye mkaa na mafuta ya taa. Hilo kila mwenye duka la mtaani analijua. Ilikuwa nafasi adimu ya kuona kodi ya bungeni ikifika kwenye mapafu ya mtoto. Kama kungekuwa na vifaa ndani ya nyumba mia mbili tu za Mathare na Kibera miaka ile yote, mjadala wa bajeti ungekuwa na hoja ambayo mbunge asingeweza kuikwepa.

Nimetaja ndani ya nyumba kwa makusudi. Orodha za miji hupima hewa ya nje, kwenye nguzo na mapaa. Taarifa ya State of Global Air iliyotolewa mwaka 2024 inakadiria kwamba watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka mitano walikufa mwaka 2021 kwa sababu zinazohusishwa na uchafuzi wa hewa, na kama 500,000 kati yao ni kwa moshi wa kupikia ndani, wengi wakiwa Afrika na Asia. Jiji linaweza kuonekana la wastani kwenye orodha huku jikoni zake zikiua. Tanzania imeamua kulishughulikia hilo: taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilipewa hadi Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono mkakati huo kwa moyo wote. Ila napenda kujua, katika shule iliyofungiwa mtambo wa gesi, mpishi aliyekaa miaka 15 kwenye moshi wa kuni anavuta nini leo. Tunahesabu mitungi iliyogawiwa. Mtungi ukiisha gesi na kugeuka kuwa kigoda, hesabu yetu bado inausoma kama mafanikio.

Kwenye magari hali ni hiyohiyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya 2018, Tanzania inatumia ushuru kuyapa uzito magari makuukuu. Lakini umri wa gari hauelezi lina nini chini ya uvungu. Kisafishio cha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi, kile mafundi wanachokiita masega, kina madini ya thamani, na magari mengi yanatembea bila hicho. Gari la miaka saba lisilo na masega linaweza kuchafua kuliko la miaka 14 lililotunzwa. Sheria inakagua tarehe kwenye kadi kwa sababu tarehe ni rahisi kuisoma.

Nisiwe kama ninayesema hakuna kinachofanyika. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mwaka 2015 mradi wa AirQo chini ya Profesa Engineer Bainomugisha, wakatengeneza vifaa vinavyohimili vumbi, joto na kukatika kwa umeme, wakavifunga kwenye majengo na hata kwenye bodaboda za Kampala. Vifaa hivyo vinatumika sasa katika miji kadhaa ya Afrika, Nairobi ikiwemo. Kampala ikionekana mbaya kwenye orodha, sehemu ya sababu ni kwamba Kampala imejipima vizuri kuliko majirani zake. Inastahili pongezi kwa hilo, na sisi tunaojiona wasafi kwa sababu ya kutopima hatuna cha kujivunia.

Machi 2025 lilitokea jambo ambalo lingepaswa kutuamsha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilisitisha kutangaza vipimo vya hewa kutoka kwenye balozi zake duniani, ikieleza kuwa ni suala la bajeti. Katika miji kama Kampala na Addis Ababa, vifaa hivyo vilikuwa miongoni mwa vichache vya kiwango cha juu, na watafiti walivitumia kusahihisha vile vidogo. Uamuzi wa watu wa Washington kuhusu fedha zao ulitosha kukata mfululizo wetu. Nawaelewa, si wajibu wao. Kilichonisikitisha ni kwamba hatukuwa na cha kuweka mahali pake kesho yake asubuhi.

Wapo watakaosema hatuhitaji mashine ya dola makumi elfu kujua kwamba moshi ni mbaya, fedha hizo zinunulie majiko. Hoja hiyo naiheshimu, maana inatoka kwa watu wanaoona shida kwa macho. Jibu langu ni habari ya Ella Adoo-Kissi-Debrah. Alikuwa binti wa miaka tisa wa Lewisham, kusini mashariki mwa London, aliyeishi kando ya barabara ya South Circular yenye magari mengi. Alikuwa na pumu kali, akalazwa karibu mara 30 ndani ya miaka mitatu, akafariki Februari 2013. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukutaja hewa kabisa. Mama yake, Rosamund, hakukubali. Alipata msaada wa Profesa Stephen Holgate, aliyechukua tarehe za Ella kukimbizwa hospitali akazilinganisha na usomaji wa kituo cha kupimia hewa kilichokuwa Catford, karibu maili moja kutoka nyumbani kwao. Siku za hewa mbaya na siku za Ella kushikwa zilifuatana. Mahakama Kuu ilifuta uamuzi wa kwanza, na Desemba 2020 ofisa wa uchunguzi wa vifo akatamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Haikuwahi kutokea Uingereza kabla ya hapo.

Kituo cha Catford hakikuwekwa kwa ajili ya Ella. Kilikuwepo tu, kikisoma kila saa, mwaka baada ya mwaka, na usomaji wake ulihifadhiwa mahali ambapo raia angeweza kuupata. Tabata wapo watoto wenye pumu ya aina ile. Dandora wapo, wanaoishi jirani na jaa linalofuka moshi usiku. Mama zao wakitaka kuuliza alichouliza Rosamund, hakuna daftari la kufungua. Majiko yanunuliwe, ndiyo, na yanunuliwe mengi. Lakini haki ya mama huyo inahitaji kituo cha Catford cha kwake.

Sheria zipo tayari. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, Kenya tangu 2014, Rwanda ina sheria yake ya 2016. Kinachohitajika ni vituo vichache vya kiwango cha juu kwa kila jiji kubwa, viwe mali ya umma na viwe na fungu la matengenezo katika bajeti ya kila mwaka, lisitegemee mradi wa wafadhili wa miaka mitatu. Ubavuni mwake viwekwe vifaa vidogo kwa mamia, vilivyosahihishwa, kwenye shule za msingi, vituo vya afya, masoko na stendi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatusomea kila usiku, baada ya taarifa ya habari, kama kesho kutakuwa na mvua Kigoma; isome na mikrogramu za Mwanza, Arusha na Dar es Salaam kwa sauti ileile. Takwimu zote za nyuma ziwe wazi kwa mwanafunzi, mwandishi na wakili bila barua ya maombi.

Kwa Dar es Salaam ningetaka vifaa vya kwanza vifungwe kwenye barabara zinazosubiri awamu zijazo za mwendokasi, kimoja kituoni, kimoja mita mia mbili ndani ya mtaa, kimoja kwenye shule iliyo karibu, na vingine ndani ya nyumba za wanaopikia mkaa watakaokubali. Vifungwe angalau mwaka mmoja kabla basi la kwanza halijatia mguu, masika na kiangazi, kusi na kaskazi, ili mwaka wa kulinganishia uwe ule ambao daladala bado zipo barabarani.